Makazi ya Kudumu

Katika daftari la jumuiya yetu ndogondogo hapa Mwembesongo kuna neno nililoliandika mwezi Machi, na mpaka leo sijui nilifanyie nini. Niliandika: "ametoroka". Mimi ndiye katibu, kwa sababu ambayo vijana wengi wa vyuoni wanaifahamu: ukionekana una laptop, uandishi ni wako.

Niliyemwandika hivyo ni mama wa Kimaasai aliyekuwa akiuza dawa kando ya barabara ya kwenda Msamvu: mizizi, magome, ugoro kwenye vikopo. Alikuwa na mtoto wa kiume wa miaka saba hivi. Usiku walilala na wenzao kwenye kibaraza cha duka. Mvua za vuli zilipowalowesha, wanajumuiya waliguswa, tukachanga. Tulimpangia chumba, tukalipa kodi ya miezi sita, tukanunua godoro, unga na maharage. Mwalimu mmoja mstaafu alihangaika mpaka mtoto akapata nafasi ya darasa la kwanza mwezi Januari. Mimi nilijaza fomu ya mfuko wa wahitaji. Palipoandikwa "makazi ya kudumu" nikajaza: hana.

Masika yalipoanza, asubuhi moja tulikuta chumba kimefungwa kufuli na ufunguo ameachiwa jirani. Godoro lilikuwa ndani, limekunjwa vizuri. Mtoto hakwenda shule tena. Mama mwenyekiti hakukasirika, aliumia, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Andika tu, mwanangu," aliniambia. Neno nililichagua mwenyewe.

Nisiwafanye wenzangu waonekane watu wabaya. Baadhi yao wana ndugu wanaolima Kilosa, ambako Desemba 2000 watu 38 waliuawa Rudewa Mbuyuni katika ugomvi wa wafugaji na wakulima. Kwa mtu mwenye kumbukumbu hiyo, kumnunulia mama wa Kimaasai godoro si jambo dogo. Hata hivyo, tangu Machi najiuliza swali moja. Tulikuwa tunamsaidia kwa sababu alilowa, au kwa sababu anahama?

Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nimekua nikiusikia msemo huu kama sifa ya ukarimu wetu, na ndivyo ulivyo. Lakini jembe ni zawadi ya mkulima. Anayelipokea lazima akae palipo na shamba.

Historia ya hisani ya Kikristo katika mkoa huu ilianza na kukalisha watu. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifungua misheni Bagamoyo mwaka 1868, na mwaka 1882 wakafika Morogoro. Waliwajengea vijiji watu waliokombolewa utumwani. Sioni la kulaumu katika wazo la nyumba yenyewe. Mtumwa alikuwa ameporwa mahali pake, hivyo kumpa mlango wake na shamba lake ilikuwa kumrudishia sehemu ya alichoporwa. Kosa, nadhani, lilikuja baadaye, pale dawa ya jeraha moja ilipogeuzwa kuwa dawa ya kila mtu asiyekaa mahali pamoja.

Serikali nayo ilikuwa na imani hiyohiyo. Miaka ya 1970, wakati wa vijiji vya ujamaa, Umaasaini kulikuwa na Operesheni Imparnati, yaani makazi ya kudumu. Ni maneno yaleyale ya kwenye fomu yangu.

Ulaya wamefika mbali zaidi. Uswisi, kati ya 1926 na 1973, shirika la hisani la Pro Juventute liliwachukua watoto karibu 600, wengi wao wa Wayenishi, watu wa kuhamahama, likawatenga na wazazi wao ili wakue kama watoto wa watu waliotulia. Waliofanya hivyo walijiona wanaokoa watoto. Silinganishi kodi yetu ya miezi sita na ukatili ule. Ninachotambua ni sentensi ya kwanza tu, ile inayosema kwamba kuhama ndiyo shida yenyewe.

Kuna padre wa shirika hilohilo la Roho Mtakatifu, Mmarekani Vincent Donovan, aliyelishtukia jambo hili akiwa Loliondo. Misheni ilikuwa na shule na hospitali, na Wamaasai walivitumia vyote bila kuwa Wakristo. Mwaka 1966 alimwandikia askofu wake akiomba aziache shughuli hizo, aende kwenye maboma kuzungumza nao tu. Lengo lake lilikuwa kuhubiri, langu silo hilo. Ninachokichukua kwake ni kile kitendo cha kwenda kwanza kwa mtu na kuketi naye, kabla ya kuamua anahitaji nini.

Maana ukweli ni kwamba yule mama alikuwa ameniambia. Desemba, nikiwa na fomu mkononi, alisema: "Mvua kubwa ikinyesha narudi kwa maziwa." Nilidhani ni namna ya kusema. Fomu haikuwa na mstari wa jambo hilo, nami nikapita.

Alirudi mwezi Julai, akaja mwenyewe kwenye sala ya Jumamosi na kibuyu cha maziwa mgando. Hakujua kwamba alikuwa ametoroka. Alieleza taratibu, kwa Kiswahili chake, kwamba ana boma pande za Kambala, Mvomero. Kiangazi ng'ombe wanashuka kuelekea Wami, maziwa yanapungua, wanawake wanakuja mjini kuuza dawa. Masika maziwa yanarudi, nao wanarudi. Nyumba anayo, aliijenga kwa mikono yake. Mjini alikosa mahali pakavu pa kulala na pa kufungia mizigo.

Mzee mmoja aliuliza kwa nini hakukataa chumba tangu mwanzo. "Mlinipa kwa furaha," alijibu. Watu walicheka, kisha wakaacha kucheka.

Ombi lake lilikuwa dogo kuliko msaada wetu: chumba kimoja wachangie wanawake sita, kuanzia Juni mpaka mvua kubwa, na nusu ya kodi watalipa wenyewe. Mwenye nyumba anataka mwaka mzima, kwa hiyo bado tunabishana naye.

Maziwa yaligawanywa kwenye vikombe. Mama mwenyekiti alikunywa, akamshukuru, akamvuta akae karibu yake. Kisha akamuuliza kwa upole, "Na mtoto, shule je?"

Yule mama alisema yuko kwa bibi yake, anachunga ndama. Mwalimu mstaafu aliinamisha kichwa. Mimi nilishika kalamu, na safari hii sikuandika kitu.