Zeus wa kwenye gemu, na suali la mwanafunzi wangu



Kuna suali niliulizwa darsani na kijana wa miaka kumi na tano, na jawabu niliyompa siku ile ilikuwa ni kumtoa nje. Leo nataka kulijibu, maana nimelichelewesha.

Ilikuwa baada ya sala ya Magharibi, katika chuo kimoja cha hapa Mji Mkongwe ninakosomesha. Somo lilikuwa Tawhid. Tulikuwa tunazungumzia sifa ya Qudra, kwamba Allah (S.W.) ni Muweza wa kila kitu, na nikawasomea aya ya 23 katika Suratul Anbiyaa inayotufahamisha kuwa Yeye hana wa kumhoji kwa analolifanya, na sisi ndio tutakaohojiwa. Yule kijana akanyoosha mkono. Akasema: "Maalim, kama ana nguvu zote na hakuna wa kumhoji, kitu gani kinamfanya asiwe kama Zeus?"

Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka. Nilimwambia achukue msahafu wake atoke, asije akamfananisha Mola wake na masanamu ya kwenye televisheni. Nikaongeza na neno ambalo mwalimu hapaswi kulitamka, kwamba yeye hana kheri. Akatoka kimya kimya. Siku ya pili hakuja, na ya tatu hakuja.

Kwa hakika jina la Zeus silo geni kwangu. Nilipokuwa nasoma chuo kikuu kule Tunguu nilisoma kidogo habari za falsafa ya Wagiriki, na huwezi kuwasoma Wagiriki bila ya kukutana na miungu yao. Lakini sikuelewa mtoto wa Mkunazini kampata wapi. Wenzake ndio walionambia: "Yumo kwenye gemu, Maalim. God of War."

Basi nikaenda kutazama. Wakaazi wa Mjini mnavijua vibanda hivi, vyumba vya chini vyenye televisheni tatu nne na mashine za PlayStation, vijana wanalipia kwa muda na kukaa hapo mpaka mifuko iwe mitupu. (Kuhusu hukumu ya michezo hii na sala zinazopotea humo, masheikh wameshazungumza sana na kila mzazi anayajua ya nyumbani kwake. Leo simo katika hilo.) Nilipoingia na kanzu yangu nusu ya waliokuwemo walisimama wakidhani nimekuja kumtafuta mtu. Nikaomba wanioneshe huyo Zeus. Kijana mmoja akanieleza kisa chote kwa ufasaha ambao natamani ningeuona katika mtihani wa Sira.

Kisa chenyewe kwa ufupi ni hiki. Gemu la kwanza lilitoka mwaka 2005, la pili 2007, na la tatu 2010. Shujaa wake anaitwa Kratos, mpiganaji wa mji wa Sparta. Zeus ni mfalme wa miungu, na katika gemu la pili anamsaliti Kratos na kumuua kwa upanga. Kratos anatoka kuzimuni kuja kulipa kisasi, na hapo ndipo anapogundua kuwa Zeus ni baba yake mzazi. Gemu la tatu lote ni kuipanda milima na kuwaua miungu mmoja baada ya mwengine. Akiuawa mungu wa bahari, bahari inafura na kuifunika ardhi. Akiuawa wa jua, mbingu zinatanda kiza. Mwisho anabaki Zeus, na yeye hana hata chembe ya wema aliyobakishiwa na watunzi, ni dhalimu tu, mwanzo hadi mwisho.

Watunzi hawakuyazua yote haya. Wagiriki wenyewe ndivyo walivyohadithia kabla ya kuzaliwa Nabii Issa (A.S.). Mungu wao wa mbingu, Uranus, alipinduliwa na mwanawe Kronos. Kronos naye akaogopa kupinduliwa na watoto wake, basi kila akizaliwa mmoja alimmeza. Zeus alifichwa na mama yake, akakua, akampindua baba. Na alipokwisha kukaa kitini, naye akapata habari kuwa mkewe Metis atazaa mwana atakayemshinda, akamla mke mzima. Baba, mwana na mjukuu wote wana maradhi hayo hayo.

Nilipokuwa nimekaa katika kibanda kile, natazama bahari ya kwenye kioo ikiimeza miji kwa sababu miungu wawili wamegombana, ndipo ikanijia ile aya. Si ya 23 niliyoisomesha. Ni iliyo kabla yake, aya ya 22, ambayo niliipita mbio mbio ili niifikie hiyo nyengine. Maana yake ni kwamba lau katika mbingu na ardhi wangekuwamo waungu wengine pamoja na Allah, basi zote mbili zingeharibika. Na katika Suratul Muuminuun aya ya 91 tunafahamishwa kuwa kila mungu angejitenga na alichokiumba, na wangelikuwa wanapandana wao kwa wao. Hicho ndicho kisa cha Olympus. Mtoto yule aliyaona kwa macho yake yale ambayo aya inayakanusha, akaja kwa mwalimu wake kuuliza, na jawabu ilikuwa mstari mmoja juu ya kidole cha mwalimu. Mwalimu akamtoa nje.

Sasa turudi kwenye suali lenyewe, maana halikuwa suali la utovu wa adabu. Kijana anauliza: mwenye nguvu zisizo na mpaka, nani atamzuia asidhulumu?

Tumuulize kwanza Zeus kwa nini anadhulumu. Watunzi wa gemu, na hawa si Waislamu wala hawadai kufundisha dini, wameweka jawabu ndani ya kisa chao: Zeus aliingiwa na uovu wa khofu. Anaogopa mwana atamfanyia kama yeye alivyomfanyia baba yake. Ukatili wake wote unatoka hapo. Kwa maneno mengine Zeus si mwenye nguvu zote hata kidogo. Ana kiti, na kiti hicho kilikuwa cha mwengine jana na kesho kinaweza kuwa cha mwengine. Anauma kwa kuwa anaweza kuumwa.

Na Qur'an imetuonesha mtu wa namna hii. Firauni kwa nini alichinja watoto wa kiume wa Bani Israil? Suratul Qasas mwanzoni kabisa inatutajia udhalimu wake huo, kisha inatwambia kuwa Allah alitaka kumuonesha yeye na Hamana na majeshi yao lile lile walilokuwa wakilihadhari. Basi yule aliyesema mimi ndiye mola wenu mkubwa alikuwa hapati usingizi kwa kuogopa vichanga. Tazama madhalimu wa zama zozote, wakubwa na wadogo, hata yule mume anayempiga mkewe nyumba ya tatu kutoka kwako, utaikuta khofu imekaa chini ya mkeka.

Sasa mlete Allah (S.W.) katika mizani hii, naye hana wa kufananishwa naye. Amtishe nani? Anyang'anywe nini, na nani? Imam Muslim amepokea kutoka kwa Abu Dharr (R.A.) Hadith Qudsi mashuhuri ambamo Mola anatueleza kuwa ameiharamisha dhulma juu ya nafsi Yake, akaifanya haramu baina yetu. Wengi tunaikariri sehemu hiyo ya mwanzo tukaishia hapo. Lakini endelea nayo. Anatueleza kuwa lau viumbe wote, wa mwanzo na wa mwisho, watu na majini, wangekuwa wema kama aliye mwema kuliko wote, ufalme Wake usingezidi kitu. Na lau wote wangekuwa waovu kama aliye muovu kuliko wote, usingepungua kitu. Na lau wote wangesimama mahala pamoja wakamuomba, kila mmoja akapewa haja yake, hazina Yake isingepungua ila kama sindano inavyopunguza maji ikichovywa baharini.

Nenda Forodhani jioni, chovya sindano, kisha tazama bahari imepungua wapi.

Hiyo ndiyo jawabu ya kijana wangu. Dhulma ni kazi ya mwenye upungufu, na asiye na upungufu hana la kuitakia dhulma. Zeus hakuwa dhalimu kwa kuzidi uungu. Alikuwa dhalimu kwa kuwa hakuwa mungu.

Lakini kuna jengine nililoliona katika kibanda kile, na hili ndilo lililonikosesha usingizi kuliko la kwanza. Mwisho wa gemu la tatu, Kratos amemshika Zeus, hana silaha tena, anampiga kwa ngumi. Mchezaji anabonyeza kitufe, ngumi inashuka. Anabonyeza tena. Damu inatapakaa kwenye kioo, inaongezeka mpaka kioo kizima kinakuwa chekundu na huoni unampiga nani. Na kipigo hakikomi mpaka mchezaji mwenyewe aache kubonyeza. Kijana mmoja akanambia akicheka kuwa mara ya kwanza alibonyeza muda mrefu sana, kwa kuwa hakujua kama inaruhusiwa kuacha.

Nikamuuliza: "Hakuna pahala ambapo huyu Zeus anaambiwa atubu?" Wakatazamana. "Hamna, Maalim. Huyu ni wa kuuawa tu."

Wazee wetu wa mwambao nao walikuwa na visa vya vita na wafalme madhalimu, wakivisoma kwa mahadhi usiku kucha. Utendi wa Tambuka ulitungwa Pate mwaka 1728 na Mwengo wa Athumani, na adui wake ni Herekali, mfalme wa Rumi. Vita vyake ni vikali, panga haziishi. Lakini kabla ya panga kuna barua. Mtume (S.A.W.) anamuandikia Herekali kumwita katika Uislamu, na Herekali anakataa kwa hiari yake. Na katika Sira sahihi barua ipo vile vile, Dihya al-Kalbi (R.A.) ndiye aliyepewa aipeleke. Hata Firauni, aliyekwisha kuchinja vichanga, alipelekewa Mitume wawili, na katika Suratu Taha wakaamrishwa waseme naye kwa upole, huenda akakumbuka au akaogopa. Allah alijua mwisho wa Firauni. Hata hivyo mlango ulibishwa kwanza, tena kwa upole.

Vijana wakanambia kuwa katika gemu la mwaka 2022 mambo yamebadilika kidogo. Humo dhalimu ni Odin, mfalme wa miungu wa watu wa Kaskazini mwa Ulaya, na yeye mwisho anapewa fursa ya kuacha, akaikataa. Naona watunzi wamekua. Au wamezaa watoto.

Sasa ndugu msomaji, mimi niliyekuwa nimekaa pale nikiwasikitikia watunzi wa gemu kwa kumnyima adui wao toba, ndiye niliyemwambia mtoto wa miaka kumi na tano kuwa hana kheri. Na sipo peke yangu. Hapa Unguja tunao vijana walioharibiwa na unga, na baba zao wanasema barazani, "Mimi yule nishamzika." Wengine wametoka katika soba hausi wakiwa wazima, wanarudi mtaani, na mtaa bado unashika mifuko wakipita. Tumesahau kuwa Wahshi alimuua Hamza (R.A.) siku ya Uhud kwa mkuki, kisha akaja akasilimu, na Uislamu wake ukakubaliwa. Mtume (S.A.W.) alimuomba asimuoneshe uso wake, maana uchungu wa ami yake ulikuwa ungalipo, na hilo si kosa. Lakini hakumfukuza katika dini. Na mkuki ule ule Wahshi akaja kumuua nao Musaylima muongo katika vita vya Yamama.

Nilikwenda nyumbani kwa yule kijana siku ya Alkhamisi baada ya Laasiri. Baba yake alinikaribisha barazani, ikaletwa kahawa. Nikamwita kijana nikamueleza haya yote, aya ya 22, sindano na bahari, barua ya Herekali. Alisikiliza vizuri. Kisha akauliza, maana huyu ni mtu wa masuali: "Na Ibilisi je, Maalim? Yeye si wa kuangamia tu, kama Zeus?"

Safari hii sikukimbilia kujibu. Tukafungua msahafu, Suratul A'raaf. Nikamwambia asome mwenyewe anione Adamu ameomba nini na Ibilisi ameomba nini. Adamu na mkewe walipokosa waliomba maghfira. Ibilisi alipolaaniwa naye alikuwa na nafasi ya kuomba, na aliomba, na alilolitaka alipewa. Kijana akapitisha kidole juu ya mistari, akarudi nyuma, akasoma tena.

"Hakuomba msamaha," akasema. "Ameomba muda."

Baba yake akaweka kikombe chini. Mimi nikamwambia mwanawe, mbele yake, kuwa neno nililomtolea darsani lilikuwa kosa langu na namtaka radhi. Akaona haya, akatazama chini, akasema, "Yamekwisha, Maalim."

Jumamosi alirudi, akakaa mstari wa nyuma. Tukaanza aya ya 22.