Sugu Si Cheo

Barabara ya kutoka Lubumbashi kwenda Kasenga hupita Kasomeno, na samaki wa mto Luapula nao hupitia hapo hapo wakielekea mjini. Mnunuzi hufunua matamvua aone kama bado ni mekundu. Viganja vya mvuvi aliyepiga kafi usiku kucha, hakuna anayevitazama.

Kwetu sugu imegeuzwa cheo. Kijana mwenye kiganja kilichopasuka husifiwa kuwa ndiye mwanamume. Akivaa glovu, huulizwa kama leo ni bibi harusi. Sifa hiyo siikubali. Sugu ni kinga ambayo mwili umejitengenezea, lakini ikizidi unene hupasuka, na ufa unaoshinda majini hauponi upesi. Mtu huyo kesho atavuaje?

Basi avae glovu, ila si yoyote. Zile za ngozi nene, za wachomeleaji na watu wa migodini, hunywa maji, huwa nzito, na humlazimisha mtu kuukaba mpini wa kafi kwa nguvu zaidi. Atafute nyembamba, yenye ncha za vidole wazi, inayoshika bila kubana. Kabla ya kulipa aivae akunje ngumi: ikijikunja kiganjani airudishe, maana mkunjo huo ndio utakaoleta malengelenge. Mshono nao usikae kati ya gumba na kidole cha shahada, mahali kafi linaposugua zaidi.

Akirudi nchi kavu aisuuze glovu kwa maji safi, aigeuze ndani nje, aianike kivulini. Glovu ya ngozi iliyokaushwa kando ya moto hukakamaa kama kibao. Tena asidanganyike: vijidudu vya kichocho vilivyo majini hupenya hata ngozi isiyo na jeraha, na glovu haivizuii.

Asiye na pesa aanze na kafi lenyewe. Asugue mpini mpaka vibanzi viishe, kisha ajifunze kuushika bila kuukaba. Hilo halina gharama.

Ipo mipango ya barabara kutoka Kasomeno hadi Mwenda, Zambia, pamoja na daraja juu ya Luapula. Daraja litavusha malori; nyavu zitaendelea kutegwa kwa mtumbwi. Kwa hiyo ninyi wafanyabiashara mnaopakia sukari na sabuni kwenda Kasenga, ongezeni na glovu chache, nyembamba, za saizi mbalimbali. Msilete kubwa tupu.