Safari ya Nusu Saa na Sala ya Msafiri

Kutoka uwanja wa ndege wa Unguja hadi ule wa Pemba ni kama kilomita 125 kwa mstari ulionyooka, na ndege ndogo huzikata kwa takriban nusu saa. Je, abiria wake ni msafiri kwa hukumu ya dini, anayeruhusiwa kusali Adhuhuri, Alasiri na Isha rakaa mbili badala ya nne?

Katika madhehebu ya Imam Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa mwambao, kinachotazamwa ni masafa. Mpaka ni marhala mbili, yaani mwendo wa siku mbili wa ngamia wenye mizigo, au maili 48 za zamani. Wanazuoni wa leo hukadiria kilomita 80 na kitu. Kwa kipimo hicho Pemba imo. Dar es Salaam, iliyo kilomita 73 hivi kwa ndege kutoka Unguja, haifiki. Kwa Waibadhi, ambao mpaka wao ni farsakh mbili tu, kiasi cha kilomita 12, zote mbili ni safari.

Swali hili limeitangulia ndege kwa karne nyingi. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, aliandika katika Minhaj kwamba anayeyakata masafa hayo baharini kwa saa moja naye hupunguza sala. Taabu ni hekima ya ruhusa, lakini sababu inayobeba hukumu ni safari yenyewe. Hamali wa bandari ya Malindi, Unguja, mwenye gunia mgongoni na jasho linalomchuruzika hadi kwenye kikoi, hutaabika kuliko abiria wa ndege, naye husali rakaa nne kamili. Kwa haraka inaonekana si haki. Lakini ruhusa ingefuata taabu, kila mtu angekuwa hakimu wa uchovu wake: mcha Mungu angejinyima hata anapostahili, na mvivu angejiruhusu kila siku. Masafa hayana upendeleo huo.

Sayyidna Umar aliwahi kuulizwa kwa nini sala ipunguzwe ilhali hofu ya maadui, iliyotajwa katika Kurani pamoja na ruhusa hiyo, imekwisha. Naye alikuwa amemuuliza Mtume hivyo hivyo, akajibiwa kuwa hiyo ni sadaka ya Mwenyezi Mungu, basi ipokewe.

Hata hivyo taabu haikufukuzwa kabisa. Katika saumu, Mashafi husema msafiri asiyedhurika ni bora afunge. Na aliyepambazukiwa mjini akiwa amefunga, kisha akapanda ndege saa tatu asubuhi, hafungui siku ile kwa sababu ya safari tu. Ruhusa ya sala nayo huanza mtu akishautoka mji. Mkazi wa mjini Unguja aliyeketi ukumbini kusubiri ndege, nyumba zikiwa zimeuzunguka uwanja, bado yuko kwao. Na akitua Pemba kwa nia ya kukaa siku nne kamili, bila kuhesabu ya kuingia na ya kutoka, husali rakaa nne tangu sala ya kwanza.