Sinema ya Vuga na Darsa Zetu

 

Ndugu msomaji, apitaye Vuga, mjini Unguja, hulikuta jengo la sinema iliyoitwa Majestic. Asili yake ni mwaka 1921, alipojenga mahali hapo tajiri Hassanali Adamji Jariwalla kwa ramani ya Mwingereza J. H. Sinclair, na jina lake lilikuwa Royal. Mwaka 1953 liliungua. Mwaka 1955 likawa limesimama jingine pale pale, kwa ramani ya Dayalji Pitamber Sachania. Miaka miwili tu! Nasi twaijua misikiti ambayo paa lake limevuja muda mrefu kuliko huo, na kila Ijumaa twachangishana.

Zikaja picha za Kihindi, na iliyovuma kupita zote ni Awara ya Raj Kapoor, ya mwaka 1951. Marehemu bibi yangu, ambaye hakujua Kihindi hata neno la kuombea maji, aliziimba nyimbo zake akipepeta mchele. Nilipokuwa kijana nimetoka chuoni na ujuvi wa chuoni, nilimkataza. Akaniuliza, kwa upole: "Mwanangu, enzi zetu nani alituita msikitini?"

Sikuwa na jawabu, na jambo lenyewe ni hili. Mwenye sinema aliwawekea wanawake maonyesho yao peke yao, wanaume wasiingie. Wakaenda na mabuibui yao, na watoto wao, na haya yao. Mfanya biashara aliyetafuta faida alifikiri namna ya kuwasitiri mama zetu, na sisi wenye vitabu, tusomao kwamba kutafuta ilimu ni faradhi kwa kila Mwislamu, hatukufikiri. Tulisimama juu ya mimbari tukaikemea sinema, na waliotusikia ni wanaume peke yao.

Sisemi kila picha ni haramu. Wanazuoni wamekwisha eleza kwamba asili ya vitu ni uhalali mpaka ipatikane dalili ya kukataza. Picha ifundishayo ibada ya Hija haiwi sawa na picha ya utupu, na mwenye kuzichanganya hukumu zake amejidhulumu nafsi yake na watu. Lakini iliyompitisha mtu Magharibi, hata ingekuwa ya maua, imemla.

Kisha mwaka 1973 ikaja Unguja televisheni ya rangi, zikafuata kanda za video, na sinema zikakimbiwa. Majestic likawa gofu. Baadhi yetu tulishukuru, tukasema munkari umeondoka, nami nalikuwa miongoni mwao. Tulikosea. Picha haikuondoka, ilihama Vuga ikaingia sebuleni, na leo imo mfukoni mwa mtoto wa miaka kumi. Sinema ilikuwa na saa yake ya kufunguliwa na saa yake ya kufungwa, na baba aliweza kumngoja mwanawe mlangoni. Simu haina mlango wala haina saa. Na vijana waliotoka sinema hawakuja msikitini, kwa sababu hatukuwaandalia kitu ila lawama.

Tulipolileta jambo hili katika halka yetu, mzee mmoja alisema darsa ya wanawake haiwezekani, kwani msikiti una mlango mmoja. Palinyamaza kidogo. Kisha fundi mmoja wa ujenzi, asiyezoea kusema mbele ya masheikh, akasema mlango ni kazi ya siku tatu.

Amekwisha upima ukuta wa mashariki. Saruji imepatikana, ubao bado. Mwenye ubao na aulete baada ya sala ya Alasiri, na mwenye mke, dada au binti amwambie kwamba kitabu tutakachoanza nacho ni cha tohara na sala, na kwamba maswali yataulizwa na wao wenyewe.