Hatia ya Mfunga Njia

Mtu akimpiga mnyama mshale, hatia yake huonekana mara moja. Lakini aliyejenga ukuta akaifunga njia ya mnyama, wala asimguse, je, ana hatia? Msomaji, lifikiri swali hili kabla ya kulijibu.

Wako wataalamu ambao kazi yao ni kuokota manyoya na mavi ya wanyama porini, wakachunguza jeni zilizomo, yaani chembe za urithi apewazo mtoto na wazazi wake. Kwa chembe hizo hutambua kama wanyama wa kilima hiki na wa kilima kile wangali wakizaliana, au barabara na mashamba vimewatenga. Waliotengwa muda mrefu huzaliana ndugu kwa ndugu, na kasoro za ukoo huzidi kizazi hata kizazi.

Hayo yaliwapata puma wa Florida, huko Marekani. Uwindaji na makazi ya watu viliwatenga na wenzao, hata mwanzoni mwa miaka ya 1990 wakasalia 20 au 30 hivi; wengi walikuwa na mikia iliyopinda, na wengine mioyo yenye tundu. Mwaka 1995 majike 8 waliletwa kutoka Texas. Watoto wao wakawa na afya, na idadi ikapanda. Damu ya mgeni ikamponya mwenyeji.

Hapa Kenya, mashamba na barabara kuu ya kutoka Nanyuki kwenda Meru vilikuwa vimewatenga ndovu wa Mlima Kenya na wa msitu wa Ngare Ndare. Wenye mashamba walitoa ardhi, ikapatikana njia ya kilomita 14 hivi. Likajengwa na daraja, magari yapite juu na ndovu chini. Mwaka 2011 ndovu walianza kupita.

Utasema kwamba watu nao wahitaji chakula na barabara. Ni kweli, wala simwambii mkulima ahame. Lakini daraja lile lathibitisha kuwa haja mbili zaweza kukutana mahali pamoja, moja isiiangamize nyingine.

Basi jibu langu ni hili: aliyefunga njia bila kujua ana udhuru. Aliyekwisha kujua, naye aweza kuifungua akaiacha, hana tofauti na mpiga mshale. Ila mshale wake huenda polepole, na humpata hata ambaye hajazaliwa. Nawe, msomaji, sasa umekwisha kujua.