Kuokoa na Kurudisha

Huenda wewe, msomaji, uliyekulia kati ya michai ya Nyaramba, hujapata kuiona bahari. Lakini mapema mwaka 2008 watu wengi walikimbia nyumba zao mpakani mwa Borabu na Sotik. Tuseme mmoja wao alianguka mtoni, ukamwopoa, kisha ukampeleka kwa wale wale waliomfukuza. Je, utasema umemwokoa?

Tarehe 6 Mei 2009, kusini ya kisiwa cha Lampedusa, meli za serikali ya Italia ziliwakuta watu wapatao 200 waliotoka Libya kwa mashua. Ziliwapakia, wala hawakuambiwa waendako, zikawashusha Tripoli. Wasomali 11 na Waeritrea 13 waliishitaki Italia katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Serikali ilijitetea kwamba pale palikuwa bahari kuu, nayo ilikuwa ikiokoa tu. Mwaka 2012 mahakama ilikataa neno hilo: aliye ndani ya meli ya taifa yu mikononi mwa taifa hilo.

Sikatai kwamba kila nchi yaweza kulinda mipaka yake. Hata mwenye boma hufunga lango usiku. Walakini kufunga lango ni jambo moja, kumshika mtu mkono na kumpeleka hatarini ni jingine. Mkataba wa Sheria ya Bahari wa 1982, ambao Kenya iliuridhia mwaka 1989, wataka nahodha amwokoe yeyote aliye katika hatari ya kupotea baharini. Hausemi amshushe wapi, na hapo ndipo hila hupenya.

Wawili kati ya wale 24 hawakuisikia hukumu. Walikwisha kufa.