Ahadi ya Upinde na Maji ya Pwani

Jioni moja katika ibada ya nyumba kwa nyumba, hapa Kibaha, tulisoma Mwanzo sura ya 9, pale Mungu anapofanya agano na Nuhu na kuuweka upinde wake mawinguni. Baada ya somo, mama mmoja wa jumuiya yetu aliuliza swali ambalo halikuwamo kwenye mwongozo. Yeye amezaliwa katika kijiji cha pwani ya Bagamoyo, na kaka yake bado anaishi huko, katika nyumba ya wazazi wao. Kisima walichochota maji matamu tangu utoto sasa kinatoa maji ya chumvi. Minazi iliyokuwa mbele ya nyumba imeangushwa na mawimbi, mmoja baada ya mwingine. Wataalamu walifika kijijini, wakawakusanya watu chini ya mwembe, wakaeleza kwamba barafu ya nchi za mbali inayeyuka na bahari inapanda. Kaka yake aliwasikiliza kwa adabu, kisha akasema: "Mungu aliahidi kwamba gharika haitarudi. Nimwamini Mungu au niwaamini hawa?"

Mama huyo akatugeukia: "Jamani, nimjibu nini kaka yangu?"

Mzee wa kanisa aliyekuwapo alisema kaka huyo ana imani kubwa kuliko sisi sote. Baadhi wakaitikia amina. Mimi nilinyamaza, na kunyamaza kwangu kumenisumbua tangu siku ile. Haya ninayoyaandika ni jibu nililopaswa kulitoa.

Tuanze na habari yenyewe, maana hatuwezi kuikubali wala kuikataa habari tusiyoielewa. Wengi wetu tunaijua barafu ya kwenye friji tu. Chukua glasi ya maji, tia kipande cha barafu kielee, halafu kiache kiyeyuke. Kimo cha maji hakitaongezeka, kwa kuwa barafu inayoelea ilikwisha kuchukua nafasi yake. Sasa weka barafu kwenye chujio juu ya glasi. Ikiyeyuka na kudondokea ndani, maji yatapanda. Barafu kubwa ya Greenland na ya bara la Antaktika imekaa juu ya nchi kavu kama ile ya kwenye chujio, na ndiyo maana wataalamu wanaiangalia kwa hofu. Tena kuna sababu ya pili. Maji yakipata joto hutanuka, kama zebaki ya kipimajoto inavyopanda mgonjwa akiwa na homa.

Jopo la wanasayansi wa tabianchi la Umoja wa Mataifa lilitoa taarifa mwaka 2021. Lilisema kwamba kati ya mwaka 1901 na 2018 bahari za dunia zilipanda kwa wastani wa sentimita 20. Katika miaka ya 2006 hadi 2018 zilikuwa zikipanda milimita 3.7 kila mwaka, na kasi inaongezeka. Kufikia mwaka 2100, kwa kutegemea kiasi cha moshi ambacho wanadamu wataendelea kuutoa, huenda zikapanda zaidi kwa sentimita kama 28 hadi karibu mita moja. Milimita 3.7 ni kama nusu ya unene wa penseli. Mtu aliyeko huku juu ataona ni kitu kidogo. Lakini mtu wa pwani anajua maji ya bamvua yanavyofika yakisukumwa na upepo, na anajua kwamba kwenye ufukwe wa tambarare kimo kidogo huingia mbali. Serikali yetu yenyewe, katika mpango wake wa mwaka 2007 wa kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi, ilitaja visima vya Bagamoyo vilivyoachwa kwa sababu ya chumvi, na visiwa vilivyofunikwa na maji: Maziwe karibu na Pangani na Fungu la Nyani huko Rufiji.

Hiyo ndiyo habari. Je, inapingana na agano la Nuhu?

Tulisome agano lenyewe polepole. Mungu anaahidi kwamba hatawaangamiza tena wote wenye mwili kwa maji ya gharika. Hasemi kwamba hakuna ufukwe utakaoliwa, wala kwamba hakuna mtu atakayezama. Tangu siku za Nuhu mito imefurika mara nyingi, na watu wa bonde la Rufiji hawahitaji kusimuliwa. Tarehe 26 Desemba 2004 mawimbi ya tsunami yalivuka Bahari ya Hindi, yakaua watu wengi sana huko Asia, na yakafika hata kwetu na kuchukua roho za watu. Nani atathubutu kusema kwamba marehemu hao walikuwa nje ya ahadi, au kwamba Mungu alisahau upinde wake? Ahadi ilikuwa imesimama, na watu walizama. Kwa hiyo maana yake haiwezi kuwa ile tunayoipa tunapotaka kulala usingizi.

Kisha tuangalie ni nani aliyejifunga katika agano lile. Mungu aliufunga mkono wake mwenyewe. Hakuahidi kuifunga mikono yetu. Joto linaloyeyusha barafu ya leo limeletwa na moshi wa makaa ya mawe, mafuta na misitu inayochomwa, na moshi huo ni kazi ya wanadamu. Mtu akichoma nyumba ya jirani, hatuwezi kumtuliza jirani kwa kumwambia kwamba Mungu hakuahidi moto.

Naye Nuhu alikuwa mtu wa namna gani? Alipewa habari ya maji ambayo hakuna aliyewahi kuyaona, akaiamini kabla ya tone la kwanza. Waraka kwa Waebrania unamhesabu miongoni mwa mashujaa wa imani kwa sababu hiyo hasa. Imani yake ilionekana kwenye shoka, mbao na lami. Tukilitumia jina lake kama sababu ya kukaa tu, tutakuwa tumemgeuza Nuhu kuwa mmoja wa jirani zake.

Hata hivyo sitaki kumdharau kaka yule, kwa sababu sidhani kwamba alikuwa anajadili barafu. Alikuwa analinda makaburi ya wazazi wake, ngalawa yake, na kazi pekee anayoijua. Alikwisha kuambiwa kwamba bahari inakuja, na hakuambiwa aende wapi. Mtu wa namna hiyo akishika aya moja ya Maandiko, ameshika ukuta pekee alionao. Hapa ndipo swali linapowageukia wale waliomletea habari.

Nabii Ezekieli anasema kuhusu mlinzi anayeona hatari ikija: asipopiga tarumbeta, damu ya watu itatakwa mkononi mwake. Mtaalamu wa tabianchi ni mlinzi wa aina hiyo, awe anamjua Mungu au hamjui. Kunyamaza kwake kungekuwa dhambi. Lakini kusema nako kuna masharti, na la kwanza ni uaminifu hata pale ambapo habari haijakamilika. Mwaka 2002 mwanasayansi Lonnie Thompson wa Marekani na wenzake waliandika kwamba barafu ya Kilimanjaro ingeweza kwisha kati ya mwaka 2015 na 2020. Miaka hiyo imepita, na barafu kidogo ingalipo. Wapo wanaocheka kwa sababu hiyo. Lakini zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyokuwapo mwaka 1912 imekwisha kutoweka, na inayobaki inazidi kupungua. Aliyekosea siku ya kufika kwa mgeni hakukosea kusema kwamba mgeni yuko njiani. Mtaalamu mwaminifu atueleze yote mawili bila kuona haya.

Vivyo hivyo kuhusu Maziwe. Kisiwa kile kilikuwa na miti, na kasa walikuja kutaga. Kilitangazwa kuwa hifadhi ya bahari mwaka 1975, na kufikia mwanzo wa miaka ya 1980 hapakuwa na mti uliobaki. Leo ni fungu la mchanga linaloonekana maji yakitoka. Wapo wataalamu wanaosema ukataji wa miti uliufungulia mchanga njia, na wengine wanataja bahari yenyewe. Kuwaambia watu wa pwani kwamba kila kitu kinatoka Greenland ni kuwanyima sehemu ya ukweli, tena ile sehemu iliyo mikononi mwao: mikoko, matumbawe na mchanga. Kasa bado wanapanda pale kutaga, na wahifadhi huyahamisha mayai hadi ufukwe wa bara kabla maji hayajayafunika. Nikiwawaza watu wale na mayai yao, naona namna ya kutoa habari ambayo Injili ingeikubali: wamejua maji yanakuja, na wamekunjua mikono.

Msikilizaji naye ana deni lake. Mei 2024 Mamlaka ya Hali ya Hewa ilionya kuhusu Kimbunga Hidaya, na safari za boti kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zikasitishwa. Kimbunga kilifika upande wa Mafia, kisha kikapoteza nguvu. Wengi walisema tumetishwa bure, huku barabara ya kwenda Lindi ikiwa imekatika kwa mvua kule Somanga. Yona alikasirika kwa sababu Ninawi haikuangamia kama alivyotangaza, na Mungu akamkemea, kwa kuwa onyo halikutolewa ili nabii aonekane hodari. Lilitolewa ili watu wapone. Tukinusurika, tumshukuru Mungu, na tumshukuru aliyetuonya.

Sasa nifike kwetu. Kibaha ni makao makuu ya Mkoa wa Pwani, lakini bahari hatuioni. Tumejenga huku juu, na mji unakua kila mwaka. Ni rahisi kwetu kuizungumza habari ya bahari kama habari ya wengine. Lakini tumeezeka kwa boriti za mikoko, tumejenga kwa mchanga wa mito, na tumepikia mkaa wa misitu ya Kisarawe. Nchi zenye viwanda zina deni kubwa kuliko letu, na ni haki kulidai. Ila mwenye deni dogo naye ni mwenye deni. Yakobo anauliza katika waraka wake imani inafaa nini, ikiwa ndugu yuko uchi na hana chakula, nasi tunamuaga kwa maneno mazuri tu bila kumpa mahitaji ya mwili. Kumwambia mtu kwamba bahari inapanda, halafu ukarudi nyumbani kwako mlimani, ni maneno ya namna hiyo.

Basi jibu langu ni hili. Dada, mwambie kaka yako kwamba si lazima achague kati ya Mungu na wale waliokaa naye chini ya mwembe, kwa kuwa Mungu aliyempa Nuhu upinde ndiye kwanza aliyempa habari. Mwambie kisima chake kimekwisha kumhubiria kabla yao. Mwambie asiikate mikoko iliyobaki, na asiache kuvua maadamu bahari inamruhusu. Na mwambie akitaka kuhama, ana ndugu.

Hilo la mwisho ndilo lililonifunga mdomo jioni ile. Nilijua kwamba nikisema ahame, swali litakalofuata ni "ahamie wapi?" Nami nina kiwanja Mlandizi ambacho kimeota majani kwa miaka sita, nikingoja kipande bei. Mzee wa kanisa aliisifu imani ya mtu yule, na sifa haikumgharimu kitu. Mimi nilikuwa na jibu lenye gharama, nikalikalia. Wiki hii nitakwenda nyumbani kwa mama yule, nimpe hilo jibu.